Tiba ya Kurudisha Testosteroni: Jinsi ya Kupima, Kuanza, Kufuatilia na Kumtambua Mtoa Huduma wa Kuaminika

Tiba ya kurudisha testosteroni humsaidia sana mwanaume ambaye mwili wake umeshindwa kutengeneza homoni hiyo kwa kiasi cha kutosha. Humsaidia kidogo sana, au hapana kabisa, yule ambaye mwili wake unaitengeneza vizuri lakini amechoka, halali usingizi wa kutosha, au anapita katika kipindi kigumu cha maisha. Kwa kuwa wanaume hawa wawili huingia kliniki na malalamiko yaleyale, na kwa kuwa dawa hii ikishaanza mtu huendelea kuinunua kwa miaka, pamezuka biashara kubwa inayoishi katika utata huo. Mtoa huduma wa kuaminika hatambuliki kwa tangazo lake wala kwa uzuri wa ofisi yake. Hutambulika kwa yale anayoyafanya kabla ya kuandika dawa na yale anayoyafanya miezi mitatu baada ya kuiandika, na ndiyo maana mwongozo huu unaanza na vipimo kabla ya kumzungumzia yeye.

Tamaa ya kurudishiwa ujana ni ya zamani kuliko homoni yenyewe. Mwaka 1889, mwanafiziolojia Charles-Édouard Brown-Séquard, akiwa na umri wa miaka 72, alijidunga maji yaliyokamuliwa kutoka korodani za mbwa na za wanyama wadogo wa maabara, kisha akatangaza kwamba nguvu zake zimerejea. Testosteroni haiyeyuki vizuri katika maji, kwa hiyo sindano zake karibu hazikuwa na homoni yoyote; alichokihisi kilitokana na imani yake. Homoni yenyewe ilitengwa mwaka 1935 na kikundi cha Ernst Laqueur huko Amsterdam, na mwaka huohuo Adolf Butenandt na Leopold Ružička wakafanikiwa kuitengeneza maabara. Imani hiyo bado ina nguvu hadi leo, na ndiyo sababu hisia za mgonjwa peke yake, ziwe za kabla ya dawa au za baada yake, hazitoshi kuamua jambo hili.

Hatua ya kwanza: zitazame dalili kwa jicho kali

Baadhi ya dalili huelekeza kwenye upungufu wa testosteroni kwa uzito kuliko nyingine. Zenye uzito ni kupungua kwa hamu ya tendo la ndoa, kutoweka kwa hali ya uume kusimama wenyewe alfajiri, uume kushindwa kusimama imara, korodani kunywea, ndevu na nywele za mwili kupungua, matiti kukua au kuuma, ugumba, joto la ghafla mwilini, na mfupa kuvunjika kwa kishindo kidogo. Uchovu, huzuni, kukosa umakini, kunenepa na misuli kulegea navyo huweza kutokana na upungufu huo, lakini huweza pia kutokana na mambo mengine mengi kiasi kwamba havithibitishi lolote vikiwa peke yake.

Kwa sababu hiyo, dodoso fupi linalouliza kama unachoka mchana na kama hamu yako imeshuka, kisha likakupa jibu kwamba una upungufu, halina thamani ya kitabibu. Karibu kila mwanaume aliyevuka miaka 40 atalifaulu. Andika dalili zako mwenyewe kwenye karatasi: zilianza lini, zimeongezeka au zimebaki palepale, na ni jambo gani lilibadilika katika maisha yako kipindi hicho. Daktari makini ataisoma karatasi hiyo na kukuuliza zaidi.

Orodhesha pia dawa zote unazotumia. Dawa kali za maumivu za jamii ya afyuni, kama morfini na metadoni, hushusha testosteroni kwa kiasi kikubwa zikitumiwa kwa muda mrefu. Dawa za jamii ya prednisoloni huishusha pia, na dawa kadhaa za magonjwa ya akili huishusha kwa kupandisha homoni ya prolaktini. Iwapo umewahi kujidunga dawa za kutunisha misuli, hata kama ni miaka mingi iliyopita, liseme jambo hilo bila kuona haya, kwa kuwa ni miongoni mwa sababu za kawaida za kijana kukutwa na kiwango cha chini, na kulificha humfanya daktari atafute ugonjwa usiokuwepo.

Hatua ya pili: pima ipasavyo, na upime mara mbili

Makosa mengi katika tiba hii huanzia hapa, kwa hiyo nitakaa hapa kidogo. Kiwango cha testosteroni hupanda na kushuka ndani ya siku moja. Huwa juu asubuhi na hushuka kadiri siku inavyosonga, hasa kwa vijana. Chakula, na sukari zaidi, hukishusha kwa muda. Homa, upasuaji, ajali au ugonjwa wowote mkali hukishusha kwa siku kadhaa au majuma, na usiku mmoja wa kutolala vizuri nao unaweza kukigusa. Kipimo sahihi huchukuliwa asubuhi, kwa kawaida kati ya saa moja na saa nne, kabla ya kula chochote, ukiwa mzima, na hurudiwa siku nyingine kwa masharti yaleyale. Ikiwezekana, vipimo vyote viwili vifanyike katika maabara moja, kwa kuwa mashine na mbinu hutofautiana. Maabara zinazotumia spektrometria ya masi, mbinu inayotambua homoni kwa uzito wa molekuli zake, hutoa majibu sahihi zaidi, hasa katika viwango vya chini. Kama unameza vidonge vya biotini vyenye dozi kubwa kwa ajili ya nywele au kucha, waambie maabara mapema, maana biotini huvuruga baadhi ya vipimo vya homoni.

Mpaka kati ya kiwango cha kawaida na cha upungufu haukubaliwi na wote kwa namba moja. Chama cha madaktari wa mfumo wa mkojo cha Marekani, katika mwongozo wake wa mwaka 2018, kilichagua nanogramu 300 kwa desilita, sawa na takriban nanomoli 10.4 kwa lita. Chama cha wataalamu wa homoni cha nchi hiyohiyo, mwaka huohuo, kilitaja nanogramu 264, sawa na nanomoli 9.2, kuwa mpaka wa chini kwa vijana wenye afya na wasio wanene. Ulaya namba inayotajwa mara nyingi ni nanomoli 12: aliye chini ya 8 huonekana kuwa na upungufu wa wazi, na aliye kati ya 8 na 12 huhitaji uchunguzi zaidi. Ukitaka kuhamisha kipimo kutoka nanogramu kwa desilita kwenda nanomoli kwa lita, zidisha kwa 0.0347. Linalokubaliwa na miongozo yote ni kwamba namba bila dalili haitoshi, na dalili bila namba hazitoshi.

Tuchukue mfano wa kubuni. Mwanaume wa miaka 44, mnene, anapimwa saa tisa alasiri baada ya chakula cha mchana. Karatasi inaonyesha testosteroni ya jumla nanomoli 8.9 kwa lita, na pembeni pana herufi nyekundu ya kuonyesha kwamba iko chini. Kliniki moja inaweza kumfungulia faili la sindano alasiri hiyohiyo. Daktari mwingine anamrudisha asubuhi nyingine mbili akiwa hajala, na majibu yanakuwa 11.6 na 11.9. Kisha anaagiza kipimo cha SHBG, ile protini inayobeba homoni za jinsia katika damu, na kinatoka 16, ambacho ni cha chini, kama ilivyo kawaida kwa watu wanene na wenye kisukari. Sehemu kubwa ya testosteroni hutembea katika damu ikiwa imeshikwa na protini hiyo au na albumini, protini nyingine ya damu, na asilimia chache tu ndizo huru. SHBG ikishuka, testosteroni ya jumla hushuka nayo kwenye karatasi, ilhali ile iliyo huru huweza kubaki salama. Daktari anakokotoa testosteroni huru na kuikuta ndani ya kiwango cha kawaida. Mtu huyu hana upungufu wa homoni. Ana unene, na pengine pumzi yake hukatika usingizini. Asubuhi mbili za kutoa damu zimemwepusha na sindano za miaka mingi.

Kwa wazee hali huweza kuwa kinyume: SHBG hupanda na umri, testosteroni ya jumla ikaonekana nzuri ilhali iliyo huru imepungua. Kwa hiyo kipimo hicho kina kazi pande zote mbili, hasa majibu yanapokaribia mpaka.

Hatua ya tatu: tafuta chanzo kabla ya kufikiria dawa

Testosteroni hutengenezwa katika korodani kwa amri ya homoni ya LH inayotoka tezi ya pituitari chini ya ubongo, na tezi hiyo nayo hupokea amri kutoka sehemu ya ubongo iitwayo haipothalamasi. Baada ya kuthibitisha kiwango cha chini, kipimo kinachofuata ni LH pamoja na ndugu yake FSH. LH ikiwa juu, korodani zenyewe zimeshindwa, labda kwa matubwitubwi ya utu uzima, tibakemikali, jeraha, au hali ya kuzaliwa iitwayo Klinefelter ambayo wanaume wengi huishi nayo bila kujua. LH ikiwa chini au ikiwa ya kawaida wakati ilipaswa kupanda, kasoro iko juu, kwenye ubongo au kwenye tezi ya pituitari, na hapo ni lazima kupima prolaktini na madini ya chuma mwilini. Testosteroni ikiwa chini ya nanogramu 150 kwa desilita na LH ikiwa nayo iko chini, mwongozo wa Marekani unashauri picha ya MRI ya tezi ya pituitari, kwa sababu uvimbe wa tezi hiyo unaweza kujitokeza kwa njia hii kwanza. Mgonjwa anayepewa sindano bila uchunguzi huu anaweza kujisikia vizuri huku uvimbe unaendelea kukua karibu na mishipa ya macho.

Unene, pombe nyingi, usingizi mbaya na kisukari kisichodhibitiwa navyo hushusha testosteroni, na kupungua uzito huipandisha bila sindano. Mtu anayekoroma sana na kuamka amechoka achunguzwe kwanza kama pumzi yake hukatika usingizini. Hali hiyo ikiwa kali na haijatibiwa, ni moja ya sababu za kuahirisha tiba.

Hatua ya nne: swali la watoto, na wale wasiopaswa kuanza

Kama kuna jambo moja ambalo ningependa msomaji asilipite haraka, ni hili. Testosteroni inayotoka nje huuambia ubongo kwamba homoni ipo ya kutosha, ubongo ukaacha kutuma LH na FSH, na korodani zikaacha kutengeneza mbegu. Hali hii hutokea kwa wengi wanaotumia dozi za kawaida, na watafiti wa uzazi wa mpango waliwahi kuijaribu testosteroni kama njia ya kuzuia mimba kwa sababu hiyohiyo. Wengi hurejewa na mbegu baada ya kuacha, lakini huchukua miezi sita au zaidi, mara nyingine hadi miaka miwili, na baadhi hawarudi walipokuwa. Mwanaume anayetarajia mtoto hivi karibuni asianze tiba hii. Kwa yule ambaye kasoro yake iko kwenye ubongo au tezi ya pituitari, zipo njia nyingine, kama homoni ya hCG au dawa ya klomifeni, ambazo huziamsha korodani badala ya kuzilaza. Lakini hizo nazo zinahitaji daktari anayezijua, na klomifeni kwa wanaume hutumika nje ya matumizi yaliyoidhinishwa rasmi. Anayelazimika kuanza testosteroni huku bado anataka watoto anaweza kuhifadhi mbegu zake kwa baridi kali kabla ya dozi ya kwanza.

Mtoa huduma ambaye hajakuuliza kama unataka watoto, hata kama una miaka 50 na wajukuu, ameruka jambo la msingi. Usisubiri akumbuke.

Wengine wasiopaswa kuanza ni wenye saratani ya tezi dume au ya titi, wenye uvimbe kwenye tezi dume au PSA, yaani protini ya tezi dume inayopimwa katika damu, iliyo juu na ambayo haijachunguzwa, wenye hematokriti, yaani sehemu ya damu inayochukuliwa na chembe nyekundu, inayozidi asilimia 48 kabla ya dawa, wenye moyo ulioshindwa kazi na usiodhibitiwa, wenye shida kali ya kukojoa inayotokana na tezi dume, wenye tabia ya kurithi ya damu kuganda, na waliopata mshtuko wa moyo au kiharusi ndani ya miezi sita iliyopita. Wanamichezo wa mashindano wakumbuke pia kwamba testosteroni ni dawa iliyopigwa marufuku, na kibali cha kuitumia kwa ajili ya matibabu hutolewa kwa masharti magumu.

Hatua ya tano: kumchagua mtoa huduma

Anayefaa zaidi ni daktari bingwa wa homoni au daktari bingwa wa mfumo wa mkojo na uzazi wa kiume. Daktari wa kawaida anayeijua kazi hii na aliye tayari kukupeleka kwa bingwa mambo yakikwama anatosha kwa wagonjwa wengi. Cheo pekee hakitoshi. Thibitisha leseni yake kwenye baraza au mamlaka inayosajili madaktari mahali anapofanyia kazi, kwa kutumia jina lake kamili, na usiridhike na cheti kilichotundikwa ukutani. Ikiwa huduma hutolewa kwa njia ya simu au intaneti, uliza ni daktari gani hasa atakayesaini dawa yako, yuko wapi, na kama ana leseni ya kumtibu mtu aliyeko ulipo wewe. Jibu la kwamba timu yetu ya kitabibu itashughulikia si jibu.

Katika mazungumzo ya kwanza, muulize maswali machache na usikilize namna anavyojibu kuliko urefu wa majibu. Unaagiza vipimo vipi kabla ya kuanza, na vinarudiwa lini? Je, nikikutwa na kiwango cha kawaida utaniambia nini? Hematokriti ikipanda utafanya nini? Dawa nitainunua wapi, na wewe unapata faida yoyote ikiuzwa? Nikitaka kuacha baada ya mwaka, tutaacha vipi? Daktari anayeijua kazi yake huyajibu bila kukereka, na huwa tayari kusema kwamba wapo wagonjwa aliowarudisha nyumbani bila dawa. Swali la pili ndilo ninaloliamini zaidi. Mtu ambaye biashara yake inategemea kila anayeingia atoke na sindano hujikuta anazungumzia kiwango bora, kilele cha ujana na kukusogeza sehemu ya juu ya kiwango cha kawaida, wakati lengo la tiba ni kukurudisha katikati ya kiwango hicho na kuondoa dalili.

Dalili za kutokuaminika hujirudia kila mahali. Anaandika dawa baada ya dodoso au kipimo kimoja cha mchana. Hagusi korodani wala hafanyi uchunguzi wowote wa mwili. Kwa huduma ya mbali, hakuelekezi kwa mtu atakayeufanya. Anakuuzia kifurushi cha miezi 6 au 12 kabla ya kuona majibu, au mkataba ambao kuuvunja kuna adhabu. Anamwandikia kila mgonjwa mchanganyiko uleule wa testosteroni, hCG na anastrozoli, ambayo hushusha estradioli, yaani homoni ya jamii ya estrojeni, bila kipimo wala dalili inayoihitaji. Estradioli ikishuka mno mifupa hudhoofu na hamu ya tendo la ndoa hupungua, kwa hiyo dawa hiyo kwa mtu asiyeihitaji ni hasara mbili. Ana njia moja tu ya dawa, na kwa bahati ni ile inayomlipa zaidi. Anakataa kukupa nakala za majibu yako. Anakuambia dawa haina madhara yoyote. Nakala za majibu ni mali yako kwa maana ya kawaida kabisa ya neno hilo. Ziombe kila mara na uziweke pamoja.

Kuhusu dawa yenyewe, itoke duka la dawa lenye leseni, ikiwa na jina la kiwanda, namba ya toleo na tarehe ya kuisha. Chupa isiyo na maandishi kamili, au inayosifiwa kwamba ni kali kuliko ya hospitali, huenda isiwe na testosteroni, au ikawa na nyingi kuliko ilivyoandikwa, au isiwe safi. Katika nchi nyingi testosteroni ni dawa inayodhibitiwa na sheria, na kuimiliki bila cheti cha daktari kunaweza kuwa kosa.

Hatua ya sita: kuchagua aina ya dawa

Jeli hupakwa kila siku kwenye mabega, mikono ya juu au tumbo, kutegemea bidhaa, na hutoa kiwango kilicho tulivu. Kasoro yake kubwa ni kuhamia kwa wengine. Mwaka 2009 mamlaka ya dawa ya Marekani iliamuru onyo kali liwekwe kwenye jeli hizi baada ya watoto kupata dalili za kubalehe mapema kwa kugusana na ngozi au nguo za watu wazima waliozipaka. Anayetumia jeli anawe mikono kwa sabuni mara moja, aiache ikauke, avae nguo inayofunika sehemu hiyo, na aioshe kabla ya kumbeba mtoto au kulala karibu na mkewe, hasa akiwa mjamzito. Shati lililovaliwa juu ya jeli lisifuliwe wala kuchezewa na mtoto bila tahadhari. Kama huwezi kuyafanya haya kila siku, chagua njia nyingine bila kujilaumu.

Sindano za testosteroni aina ya enantheti au sipioneti ni za bei nafuu zaidi kwa kawaida, na hudungwa kwenye msuli au chini ya ngozi. Dozi ya mgonjwa wa kawaida ni miligramu 75 hadi 100 kwa wiki, au 150 hadi 200 kila wiki mbili. Kwa dozi ya wiki mbili wengi huhisi mawimbi: siku za kwanza nguvu na jazba, siku za mwisho uchovu. Kuigawa dozi ileile kwa wiki hupunguza mawimbi hayo, na ni mabadiliko ambayo daktari anaweza kuyafanya bila kuongeza hata tone.

Sindano ya muda mrefu ya testosteroni aina ya andekanoeti hudungwa polepole ndani ya msuli wa tako kila wiki 10 hadi 14 baada ya dozi za mwanzo zinazokaribiana zaidi. Mafuta yanayobeba dawa hiyo mara chache huingia kwenye mishipa ya damu na kufika mapafuni, yakaleta kikohozi kikali na kukosa pumzi papo hapo, kwa hiyo hudungwa na mhudumu wa afya na mgonjwa husubiri kituoni kwa muda. Zipo pia plasta za ngozini, jeli ya puani, vidonge vya andekanoeti vinavyomezwa na chakula, na vipandikizi vya chini ya ngozi vya miezi mitatu hadi sita. Vipandikizi vina tatizo la wazi ambalo wauzaji huligusia kwa haraka: dozi ikizidi, huwezi kuirudisha kama unavyoacha jeli kesho asubuhi. Vidonge vya zamani vya methiltestosteroni huharibu ini na havifai kwa tiba hii.

Hatua ya saba: miezi ya kwanza na kila mwaka baadaye

Mabadiliko hayaji pamoja. Hamu ya tendo la ndoa huweza kuongezeka ndani ya wiki tatu hadi sita; misuli na mafuta hubadilika baada ya miezi mitatu au minne; uume kusimama vizuri huweza kuchukua hadi miezi sita, na mifupa huchukua mwaka na zaidi. Uwe na matarajio ya kiasi. Katika majaribio ya kitabibu ya wanaume 790 wenye umri wa miaka 65 na kuendelea, ambayo matokeo yake ya kwanza yalichapishwa mwaka 2016, hamu na uwezo wa tendo la ndoa viliongezeka kwa kiasi cha wastani, hali ya moyo kidogo, na uchovu haukupungua kwa namna ya maana. Aliyeanza kwa ajili ya uchovu peke yake ana nafasi kubwa ya kukatishwa tamaa.

Kati ya mwezi wa tatu na wa sita, pima testosteroni, hematokriti na, kwa wenye umri unaohusika, PSA. Wakati wa kupima hutegemea dawa: kwa sindano za enantheti au sipioneti, katikati ya sindano moja na nyingine; kwa andekanoeti ya muda mrefu, mwishoni kabisa kabla ya sindano inayofuata; kwa jeli, saa mbili hadi nane baada ya kupaka, ukiwa umeitumia kwa wiki moja au zaidi. Kipimo kilichochukuliwa siku moja baada ya sindano kitaonyesha kilele, na daktari asiyejua siku hiyo atapunguza dozi bila sababu. Andika tarehe na saa ya dozi ya mwisho juu ya fomu ya maabara.

Hematokriti ndiyo namba ninayokushauri uijue kwa kichwa. Testosteroni huamsha utengenezaji wa chembe nyekundu, na damu inapokuwa nzito hatari ya kuganda huongezeka. Katika utafiti wa Australia uliochapishwa mwaka 2021, wanaume waliodungwa andekanoeti kwa miaka miwili, asilimia 22 walifikia hematokriti ya asilimia 54 au zaidi, dhidi ya asilimia 1 ya waliopewa sindano isiyo na dawa. Ikipita 54, dawa husimamishwa hadi ishuke, chanzo kingine kama uvutaji sigara au pumzi kukatika usingizini kitafutwe, kisha tiba irudishwe kwa dozi ndogo au kwa jeli. Kuchangia damu kila mara ili kuendelea na dozi kubwa si ufumbuzi, na kliniki inayokupangia hilo kama utaratibu wa kawaida inakutunzia dozi, haikutunzii afya. PSA ikipanda kwa zaidi ya nanogramu 1.4 kwa mililita ndani ya mwaka wa kwanza, au ikivuka 4, onana na daktari wa mfumo wa mkojo.

Moyo ulizua mjadala kwa miaka mingi. Utafiti mkubwa wa TRAVERSE, uliochapishwa mwaka 2023 na kuhusisha wanaume zaidi ya 5,000 wenye umri wa miaka 45 hadi 80 waliokuwa na ugonjwa wa moyo au hatari kubwa ya kuupata, haukuonyesha ongezeko la mshtuko wa moyo, kiharusi wala vifo vya moyo kwa waliotumia jeli. Ulionyesha hata hivyo ongezeko la mapigo ya moyo yasiyo na mpangilio, madhara ya ghafla kwenye figo, na damu iliyoganda kufika mapafuni, pamoja na kuvunjika kwa mifupa ambako wengi hawakukutarajia. Matokeo hayo yalihusu watu waliopimwa, waliopewa dozi ya kiasi na kufuatiliwa kwa karibu. Hayamhusu anayejidunga mara mbili ya dozi bila kupimwa. Maumivu ya kifua, kukosa pumzi ghafla, mguu mmoja kuvimba na kuuma, au udhaifu wa upande mmoja wa mwili ni dharura: nenda hospitali mara moja na utaje kwamba unatumia testosteroni. Vipimo vikitulia, mara moja kwa mwaka inatosha.

Kubadilisha mtoa huduma, na kuacha

Ukiamua kuhama, chukua vitu vinne kabla ya kuaga: majibu ya vipimo viwili vya kabla ya dawa, majibu ya LH na prolaktini, orodha ya dozi zote na tarehe zake, na hematokriti zote. Bila vile viwili vya kwanza, daktari mpya hana namna ya kujua kama ulikuwa na upungufu tangu mwanzo, kwa sababu dawa imekwisha kuzilaza korodani zako na kipimo cha leo hakisemi lolote kuhusu jana. Mara nyingi atalazimika kukuachisha kwa miezi kadhaa ili apime upya.

Kama dalili ulizokwenda nazo hazijapungua baada ya miezi sita ya kiwango kizuri katika damu, tiba imeshindwa kwa upande wako, na hatua sahihi ni kuiacha na kutafuta sababu nyingine, si kuongeza dozi. Unapoacha, tegemea wiki au miezi ya uchovu, hamu ndogo na huzuni wakati ubongo unapoanza tena kutuma LH. Hali hiyo haithibitishi kwamba ulikuwa unahitaji dawa. Panga na daktari kupima LH na testosteroni ya asubuhi miezi mitatu baadaye, na tena miezi sita baadaye ikiwa hazijapanda, pamoja na kipimo cha mbegu kwa anayetaka mtoto. Huzuni ikiwa nzito kiasi cha kutaka kujidhuru, usisubiri tarehe hiyo. Tafuta msaada siku hiyohiyo.